SALADI NDANI YA NDOO: KWANZA UJUE NDOO ILITOKA WAPI

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama mwenye nyumba, tuanze na ulizo moja. Ile ndoo ya pulastiki iliyo nyuma ya nyumba yako, ile unayochotea maji au unayofulia nguo, ilikuwa imebeba kitu gani kabla ya kufika kwako? Kama unaweza kujibu mara moja bila kusitasita, vizuri sana: soma habari hii na kesho uanze kazi. Kama hujui, soma pia, lakini kazi usiianze kwa ndoo hiyo.

Leo tunasema juu ya kulima mboga bila udongo. Mizizi ya mmea inakaa ndani ya maji yaliyotiwa chakula chake, na majani yanatokea juu ya kifuniko. Wataalamu wanaita kazi hiyo haidroponiki. Wengi wakisikia neno hilo wanafikiri ni mambo ya watu wenye pampu, mashine na taa za ajabu. Mashine hizo zipo kweli, lakini kwa saladi, perisili, seleri na lumba-lumba, ndoo moja yenye kifuniko inatosha, hapa hapa Kamina, kwenye baraza au karibu na dirisha, bila waya hata mmoja wa umeme.

Jambo lenyewe si la jana. Miaka ya 1860 wataalamu wawili wa Ujerumani, Sachs na Knop, waliotesha mimea ndani ya chupa za maji ili kujua mmea unakula nini. Mwaka 1929 mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu cha California, William Gericke, alitangaza kwamba njia hiyo inaweza kulisha watu, na alipata minyanya mirefu hata watu walihitaji ngazi ili kuchuma. Mwaka 1938 wenzake wawili wa chuo hicho hicho, Hoagland na Arnon, waliandika vipimo vya chumvi za kuchanganya, na mpaka leo wengi wanaanzia kwenye vipimo hivyo. Mwaka 1945 askari wa Marekani walilima mboga kwa njia hiyo kwenye kisiwa cha Ascension, katikati ya bahari ya Atlantiki, ambako ni mawe matupu ya volkano. Katika miaka yetu hii Shirika la Chakula Duniani, lile tunaloliita PAM, limesaidia wakimbizi Wasaharawi walio jangwani huko Algeria kuotesha shayiri kwa maji kidogo tu, ili kulisha mbuzi wao.

Lakini mtu anayetufaa zaidi sisi ni Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii. Yeye ndiye aliyeonyesha kwamba saladi inaweza kukua ndani ya chombo kilichofunikwa bila pampu yoyote. Unatia maji mara moja, unapanda, unafunika, unangoja. Nyumba ambayo umeme unakuja na kwenda inaweza kuifuata njia yake bila wasiwasi.

Sasa utauliza: Kamina tuna ardhi, kwa nini nisilime chini kama mama yangu? Ulizo lako ni la haki. Kama una kiwanja kizuri na samadi ya mbuzi, lengalenga, matembele na sombe zipande ardhini. Ndoo haitakupa sombe ya kula na bukari ya watu wanane, na anayekuambia hivyo anataka kukuuzia ndoo. Tangu mwaka 2000 mpaka 2010 shirika la FAO, kwa msaada wa Ubelgiji, liliwasaidia wakulima wa mboga katika miji mitano ya nchi yetu, na Lubumbashi na Likasi zilikuwamo. Wale walilima kwenye udongo, na walilisha watu. Ndoo ni ya yule asiye na kiwanja, ya majani ya kuongeza ladha na vitamini, na ya wakati wa kiangazi.

Kiangazi ndiyo sababu ya kwanza. Hapa kwetu tangu mwezi wa tano hadi wa tisa mvua inasahau njia. Tuta la saladi linataka kumwagiliwa asubuhi na jioni, na kila ndoo imetoka kisimani juu ya kichwa cha mtu, mara nyingi kichwa cha mtoto aliyetoka masomoni. Nusu ya maji hayo inanyonywa na jua na udongo kabla mmea haujanywa. Ndani ya chombo kilichofunikwa, maji yanayopungua ni yale yaliyonywewa na mmea. Shina moja la saladi linatosheka na lita nne hivi mpaka siku ya kuchumwa.

Sababu ya pili inawahusu zaidi ninyi ambao baba anafanya kazi Kolwezi, Likasi au Lubumbashi na familia inaishi karibu na kiwanda au karibu na vilima vya takataka za madini. Mwaka 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza matokeo ya kupima mikojo ya watu wa Katanga. Wale waliokaa chini ya kilomita 3 kutoka kwenye mgodi au kiwanda walikuwa na kobalti nyingi mwilini kupita wale wa mbali, na watoto ndio waliozidi. Vumbi la madini linaanguka juu ya udongo na juu ya majani, na mboga za majani zina tabia ya kunyonya madini kutoka ardhini. Mahali kama hapo, mboga iliyokua ndani ya maji safi chini ya paa ina faida ya kweli. Faida hiyo inapotea yote ikiwa chombo chenyewe kimetoka kiwandani.

Na hapa ndipo tunapotaka usimame kidogo.

Pipa halina miguu, lakini treni inayo. Kamina ni njia panda ya reli: kutoka Lubumbashi, kutoka Ilebo, kutoka Kalemie, vitu vyote vinapita hapa. Pipa la buluu au bidoni nyeupe iliyotoka kwenye kiwanda cha kuchuja madini inaweza kupita mikononi mwa watu watano kabla ya kuuzwa sokoni, na yule wa tano hajui kitu. Anasema, «Mama, hii ni safi, nimeosha na sabuni, nusa mwenyewe.» Unanusa, haina harufu. Unanunua.

Kule kiwandani chombo hicho kiliweza kubeba asidi ya salfa. Kiliweza kubeba zantati, ile dawa inayotumika kuelesha madini juu ya povu, ambayo ikiharibika inatoa hewa ya sumu inayodhuru mishipa ya fahamu. Kiliweza kubeba hidrosalfaidi ya sodiamu, ambayo ikikutana na asidi inatoa hewa yenye harufu ya yai bovu, na hewa hiyo imeua watu waliokuwa na nguvu kuliko wewe. Au ni mafuta machafu ya mashine tu. Pulastiki si kama kioo. Inanyonya kidogo kidogo kilichomo, na baadaye inakiachilia kidogo kidogo ndani ya maji. Sasa fikiri: maji ya mbolea yanakaa ndani ya chombo hicho majuma matano au sita, mmea unayanywa mchana na usiku, halafu wewe unaula mmea huo mbichi, bila kuupitisha motoni. Hata nguo unazofulia humo haziingii tumboni mwako namna hiyo.

Kwa hiyo sheria ni moja na haina mjadala: chombo cha mboga kiwe kile kilichobeba chakula tangu mwanzo, na wewe ukijue. Bidoni ya mafuta ya kupikia iliyoishia jikoni mwako inafaa. Ndoo mpya ya dukani inafaa. Kopo kubwa la siagi au la unga wa maziwa la pulastiki linafaa. Ndoo ya rangi ya nyumba haifai. Ndoo ya mabati pia haifai, hata ikiwa mpya, kwa sababu maji ya mbolea yana ukali kidogo na yanakula zinki ya bati. Sufuria ya shaba ni vilevile. Changarawe ya kushikiza mizizi itoke mtoni, ichemshwe. Ile ya kwenye vilima vya takataka za mgodi iache huko huko.

Kuna jambo jingine ambalo kapita yeyote wa kazi ya kupasua miamba atalielewa haraka. Wapo wanaosema, «Nitrati ya amonia ya mgodini si mbolea tu? Nitachukua kikombe kimoja.» Ndiyo, inaitwa mbolea mahali pengi. Lakini ile ya mgodini inachanganywa na mazuti ili ipasue mwamba, na mahali pake ni stoo ya baruti, si chini ya kitanda cha watoto. Tarehe 4 Agosti 2020, huko Beirut, Lebanoni, nitrati ya amonia karibu tani 2,750 iliyowekwa ovyo bandarini ililipuka na kuua watu zaidi ya 200. Wewe utasema yako ni kikombe tu. Kikombe hicho ni mali ya kampuni, kinaweza kuwa na mazuti ndani yake, na hata saladi haikitaki: mmea uliokaa ndani ya maji hauvumilii amonia nyingi, unakauka kuanzia mizizi. Utapoteza kazi kwa ajili ya saladi iliyokufa.

Mbolea ya mahindi, kama vile NPK 10-20-10 au urea, nayo haifai ndani ya ndoo. Urea inahitaji vijidudu vya udongo viigeuze kwanza, na ndani ya maji safi vijidudu hivyo ni haba. Tumia ile iliyotengenezwa kwa kazi hii. Kwa maji ya lita 10 vipimo vinavyojulikana ni hivi: NPK 4-18-38 yenye madini madogo, gramu 6, salfeti ya magneziamu, ambayo wengine wanaiita chumvi ya Epsom, gramu 3, nitrati ya kalsiamu, gramu 6. Yeyusha NPK kwanza ndani ya maji yote, kisha magneziamu, na kalsiamu iwe ya mwisho, imeyeyushwa pembeni ndani ya kikombe chake. Ukizichanganya zote pamoja zikiwa kavu au nzito, utaona unga mweupe umekaa chini: hicho ni chakula kilichoganda, na mmea hautakipata tena. Usipime kwa kiganja. Tafuta mizani ndogo, hata ya kuazima.

Ni kweli kwamba chumvi hizi huzikuti kila duka, na pengine itabidi uzitumie mtu wa Lubumbashi. Basi nunueni pamoja, nyumba tano au sita. Kilo moja ya NPK hiyo inatosha ndoo zaidi ya 160 za lita 10, na ndoo moja ya lita 10 inabeba mashina mawili ya saladi. Hakuna sababu ya nyumba moja kuweka kilo nzima peke yake.

Kazi ya kupanda ni nyepesi. Chukua vikombe vidogo vya pulastiki, toboa matundu chini na ubavuni kwa msumari wa moto (fanya hivyo nje, moshi wake ni mbaya). Kata matundu mawili kwenye kifuniko cha ndoo, vikombe vikae humo bila kuzama. Tia mbegu mbili za saladi kwenye kipande cha sifongo kipya kilicholowa, kiweke ndani ya kikombe, zungushia changarawe. Mbegu ya saladi inachipua kwa siku chache. Perisili inakawia majuma mawili hata manne, usiitupe kwa kukosa subira. Lumba-lumba ni rahisi kuliko zote: kata tawi, liweke ndani ya glasi ya maji, baada ya juma moja au mawili lina mizizi.

Maji ya mbolea yaguse chini ya kikombe kwa sentimeta moja hivi. Halafu, na hapa ndipo wengi wanapoharibu, iache ndoo. Maji yatashuka siku baada ya siku, na wewe moyo utakusukuma ujaze mpaka juu. Usijaze! Katika ile nafasi inayobaki kati ya maji na kifuniko, mmea unaotesha mizizi ya kuvuta hewa. Ukiifunika mizizi hiyo kwa maji, umeuzamisha mmea, na baada ya siku mbili au tatu majani yanalala kama yana kiu huku maji yamejaa tele. Saladi inamaliza safari yake kwa maji ya mwanzo. Perisili na lumba-lumba, ambazo unachuma miezi mingi, utaziongezea maji ya mbolea, lakini yasipite nusu ya ndoo.

Ndoo isipitishe mwanga, la sivyo maji yanageuka kijani. Ifunge kwa nguo ya zamani au karatasi nyeusi. Iweke mahali penye mwanga mwingi, saa sita kwa siku au zaidi. Hapa Kamina, mwezi wa sita na wa saba jua linapita upande wa kaskazini, kwa hiyo dirisha la kaskazini ndilo zuri wakati wa kiangazi. Mwezi wa kumi na mbili jua liko juu ya kichwa na kusini kidogo, na baraza itakuwa bora. Saladi iliyo gizani inarefuka, inakuwa nyeupe, na inajaza nitrati ndani ya majani yake, kitu ambacho hakifai kwa watoto. Jikoni penye moshi wa makala si mahali pake, wala si mahali pako, lakini hiyo ni habari ya siku nyingine.

Wenye umeme wa SNEL au sola wanaweza kutia taa ya LED juu ya mimea kwa saa 12 hivi. Hapo tunawaomba sana: waya upite juu ukutani, usilale sakafuni kando ya ndoo, maungio ya waya yasiwe chini ya kifuniko, mikono ikauke kabla ya kugusa. Maji yenye chumvi za mbolea yanapitisha umeme kuliko maji matupu. Mchimba madini aliyefundishwa kuogopa waya uliochubuka chini ya ardhi asimwachie mtoto wake waya wa namna hiyo nyumbani.

Kifuniko kina kazi nyingine: kuzuia mbu. Maji yaliyotulia ndani ya nyumba ni kitalu cha mbu, na malaria hatuna haja ya kuilima. Tundu lolote lisilo na mmea liziba kwa kitambaa. Chumvi za mbolea zikae ndani ya kopo lenye jina lake, juu, mbali na watoto, na kamwe zisitiwe ndani ya chupa ya soda au ya maji. Mtoto mchanga akinywa maji yenye nitrati nyingi damu yake inashindwa kubeba hewa. Midomo na kucha vinageuka buluu. Ukiona hivyo usingoje asubuhi, mkimbize hospitali.

Imebaki sababu ya tatu, nayo ni nzito kuliko zote katika jimbo letu la Haut-Lomami. Kolera, yaani kipindupindu, haijatuacha tangu miaka ya 1970. Inakaa kando ya mto Lualaba na maziwa ya Upemba, upande wa Bukama na Malemba-Nkulu, na inasafiri pamoja na watu na samaki. Mwaka 2017 katika nchi yetu iliwapata watu zaidi ya 50,000 na kuua zaidi ya 1,000. Saladi ya sokoni iliyomwagiliwa maji ya mtaro ni mlango uliofunguliwa kwa ugonjwa huo. Saladi ya ndoo yako inaweza kuwa mlango uliofungwa, ikiwa wewe mwenyewe utaufunga.

Maji unayotia yawe ya bomba la Regideso au ya kisima kinachofunikwa, na kama una shaka yachemshe, yapoe, ndipo utie mbolea. Osha mikono kwa sabuni kabla ya kupanda na kabla ya kuchuma. Kama unatoka kazini, oga na uvue nguo za kazi kwanza, kwa maana vumbi la kobalti liko kwenye mikono ya shati. Baada ya kuchuma, osha jani moja moja kwa maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa ya klorini. Na siku wakubwa wa afya wakitangaza kolera katika mtaa wenu, hakuna tena saladi mbichi nyumbani, hata ya ndoo yako. Itie sufuriani pamoja na kitunguu na nyanya. Saladi iliyopikwa si mbaya sana, na kabeji ya Kichina, ambayo inakua ndani ya ndoo vilevile, ni tamu zaidi ikipikwa na ndakala.

Ukimaliza kuchuma, maji kidogo yatabaki chini ya ndoo. Yasimwagwe karibu na kisima, wala usiwape mbuzi au kuku kunywa. Yamwage kwenye shina la mgomba au la mpapai. Kisha sugua ndoo kwa sabuni, isuuze kwa maji yenye klorini, igeuze juani siku nzima, na vikombe vyake pia, kabla ya kutia maji ya safari ya pili.